Brasi imepasuka yenyewe usiku kabatini, hakuna aliyeigusa. Ni nini hiki?

#1 FundiMakina
Habari za jioni wadau. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi ya vito vya shaba na mifupa hapa Kibera, na jambo la wiki hii sijawahi kuliona.

Oda ni bangili mia mbili za bomba. Nilinunua mabomba ya shaba ya manjano, hii tunayoiita brasi, kutoka kwa muuza vyuma chakavu. Ni marefu, yanang'aa, unene wa nje mm 12, ukuta kama mm 1. Mteja anataka mm 10. Kwa hiyo nayapitisha kwenye kibao cha chuma chenye matundu: 11.5, 11, 10.5, halafu 10. Napaka sabuni ya mche, nachonga ncha, naishika kwa koleo na kuvuta kwa winchi ya mkono. Shida ya kwanza ni ile ya siku zote: tukifika tundu la tatu mdomo wa bomba unachanika kama kitambaa. Hiyo naielewa nusu.

Ya pili ndiyo imenileta hapa. Jumatano nilimaliza vipande thelathini na sita vizuri kabisa, nikavifuta, nikavifunga kwa gazeti, nikaviweka kabatini. Ijumaa asubuhi nafungua, tisa vina ufa. Ufa wenyewe umekwenda kwa urefu wa kipande, mwembamba kama unywele, umenyooka kana kwamba mtu ameweka rula. Kijana wangu anayelala kibandani anasema Alhamisi usiku alisikia "tik", akadhani ni panya.

#2 KijanaWaUmoja
Ulilegeza kwa moto kati ya tundu na tundu? Kama hukulegeza, shukuru zilifika Ijumaa.

#3 FundiMakina
Nililegeza mara moja tu, mwanzoni, kwa tochi ya gesi, nikatumbukiza kwenye maji. Au kosa ni hayo maji?

#4 MzeeWaKarakana
Maji hayana kosa, kijana wangu. Nilikuwa fundi kwenye karakana ya reli miaka ishirini na sita na swali hilo kila mwanagenzi alikuja nalo. Chuma cha patasi ukikipasha kikawa chekundu ukakitia majini, kinakuwa kigumu. Shaba haina tabia hiyo. Ipoze majini, iache ipoe yenyewe mpaka kesho, ulaini ni ule ule. Maji yanakusaidia kubandua gamba jeusi, basi.

Kinachoigumisha shaba ni kubanwa. Kila unapoipitisha tunduni, chembe zake za ndani zinasukumana na kushikana, na mwisho hakuna tena nafasi ya kusogea. Ukiendelea kuivuta inachanika, na mdomo unatangulia kwa sababu ndiyo sehemu uliyoichonga na kuibana kwa koleo. Kutoka 12 hadi 10 ungelegeza angalau mara mbili njiani.

Na ukilegeza, funga mlango, zima taa. Unatafuta wekundu hafifu sana, ule ambao mchana huuoni kabisa. Hapo uko kwenye nyuzi 500 na kitu. Ukiona moshi mweupe umepitiliza, ni zinki inatoroka. Zinki peke yake huchemka kwa nyuzi 907, na brasi yako huyeyuka si mbali na hapo.

Ila hili la kupasuka kabatini ni jingine. Nalifikiria.

#5 KijanaWaUmoja
Mzee, kuna njia rahisi. Paka sabuni ya kipande juu ya bomba, pasha, sabuni ikigeuka nyeusi acha. Hakuna haja ya kuzima taa.

#6 MzeeWaKarakana
Hiyo ni ya bati la alumini, mwanangu. Nimeitumia mwenyewe kwa milango ya mabasi. Sabuni inageuka nyeusi mapema, alumini inakuwa imetosha, brasi bado haijaanza hata kusikia moto. Ukiifuata kwenye brasi utadhani umelegeza na hujalegeza. Huenda ndilo lililompata mwenye uzi.

#7 FundiMakina
Sikutumia sabuni kupima moto, nilikisia kwa macho. Lakini ilikuwa saa nane mchana na mlango wazi. Kwa hiyo kweli huenda sikufika.

#8 BintiKariobangi
Mimi nitawapinga wote. Tunayeyusha shaba hapa Light Industries tangu enzi za baba yangu, na nikisikia brasi imepasuka naulizia kwanza risasi.

#9 KijanaWaUmoja
Risasi tena? Tumeanza na bangili, sasa tunaitiwa askari.

#10 BintiKariobangi
😂 Risasi madini, we Umoja! Ile nyeusi nzito ya kwenye betri ya gari. Brasi ya mifereji, ya kufuli na ya viungo vya bomba huwekwa risasi kama asilimia tatu makusudi, ili ikate vizuri kwenye mashine. Haichangamani na shaba, inakaa ndani kama vipunje. Kwenye mashine ni raha. Ukiikunja au kuivuta, vipunje vile ndiyo njia ya ufa, na ukiigonga ikiwa nyekundu inabomoka kama ugali uliolala.

Kuijua ni rahisi, fundi. Toboa kwa keekee. Vumbi likitoka fupifupi kama chenga, ina risasi. Likitoka refu limejikunja kama nywele, haina.

Na hapo hapo niseme: kama ina risasi usiipige msasa bila barakoa, na usimruhusu mtoto kukaa kibandani. Mnakumbuka Owino Uhuru kule Mombasa, mtaa uliotiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mahakama ilitoa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, lakini kuna watu waliokwisha kuumia na pesa haiwarudishii afya.

#11 FundiMakina
Nimetoboa sasa hivi, vipande vitatu vilivyopasuka na viwili vizima. Vyote vimetoa nywele ndefu, nyingine zimefika urefu wa kidole. Hakuna chenga.

#12 BintiKariobangi
Basi hapo nimekwama. Lakini toboa na mabomba mengine. Chakavu huja mchanganyiko, bomba moja la bafuni, lingine fimbo ya pazia, lingine la taa. Usihukumu gunia kwa punje moja.

#13 MwalimuWaKemia
Asanteni kwa uzi mzuri. Fundi, swali moja tu: kabati hilo liko wapi? Nyuma ya ukuta kuna nini?

#14 FundiMakina
Nyuma ya ukuta ni choo cha plot. Na kando yake jirani anafuga kuku, kama arobaini hivi. Kwa nini?

#15 MwalimuWaKemia
Nilijua! Ni amonia, ile gesi ya kuchoma pua itokayo kwenye mkojo na kinyesi.

Hadithi hii ni ya zamani. Waingereza walipokuwa India, maganda ya risasi za jeshi (sasa hizi ni risasi za bunduki, Umoja) yalikuwa yanapasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua. Hayajapigwa, hayajaguswa. Maghala yalikuwa karibu na mazizi ya farasi. Mkojo wa farasi ukioza unatoa amonia, hewa ya mvua inaibeba, inatua kwenye brasi. Wakauita ufa wa msimu, na mwaka 1921 ndipo wataalamu wao walipoeleza vizuri chanzo chake.

Lakini amonia peke yake haipasui. Lazima brasi iwe na mvuto uliofungiwa ndani. Ganda la risasi linatengenezwa kwa kuvutwa baridi kupitia matundu, sawasawa na bomba lako. Nje inataka kujikunjua, ndani inakataa. Ukiitazama imetulia, kumbe ni kama upinde uliovutwa. Amonia inakula mpaka wa chembe na chembe, kidogo tu, na huo mvuto wa ndani unamalizia. Ndiyo maana ufa wako umenyooka kwa urefu: bomba linataka kufunguka.

#16 KijanaWaUmoja
Kuku wa jirani wametajwa kwenye uzi wa vyuma. Fundi, usimwonyeshe jirani uzi huu, mayai yatapanda bei.

#17 GroganSpea
Mwalimu, naheshimu kemia yako lakini sikubali. Nina duka Kirinyaga Road, brasi imejaa rafuni, bushi, nipo za grisi, viungo vya mabomba ya breki. Choo cha soko kiko hatua kumi. Miaka kumi na tano sijawahi kuona kitu kimepasuka rafuni.

#18 MwalimuWaKemia
Bushi zako zimechongwa kwenye mashine kutoka fimbo nene, hazikuvutwa zikawa nyembamba. Ukuta mnene, mvuto wa ndani mdogo. Si sawa na bomba la mm 1.

#19 GroganSpea
Na viungo vya breki? Vile vimebanwa.

#20 MwalimuWaKemia
Hapo umenibana kweli. Nitatafuta.

#21 ShemejiWaDallas
Niko nyumbani Buruburu kwa likizo. Dada yangu ameolewa Texas, na shemeji yangu huko anajaza upya maganda ya risasi za bunduki yake ya kujipakia, ni jambo la kawaida kabisa kwao. Nimekaa naye gereji mwezi mzima na nakuambia fundi, kazi yenu ni moja.

Ganda likilipuka linavimba mpaka linajaza chumba cha bunduki. Kulitumia tena lazima lirudishwe kipimo, analipaka nta na kulisukuma ndani ya tundu la chuma kigumu kwa mkono wa mashine. Kwa bunduki ya kukokota kwa mkono, watu wengine hubana shingo tu, kwa sababu mkono wa mtu una nguvu ya kulisukuma ganda lililonona kidogo. Ya kujipakia haina mkono. Inafungwa na springi peke yake, na ganda likinona kidogo tu linakwama njiani. Kwa hiyo analibana lote, kichwa hadi kiuno, na hata bega, pale ganda linapoanza kupungua kuwa shingo, analirudisha nyuma kama sehemu nane za mia za milimita.

Sasa sikiliza hili. Ukilibana linarefuka! Shaba uliyoisukuma ndani haipotei, inapanda juu. Ganda la risasi aina ya .223 halitakiwi kuzidi urefu wa mm 44.70, kwa hiyo kila mara anapima kwa kalipa na kukata. Na linalopasuka kwanza siku zote ni shingo, maana shingo ndiyo hubanwa na kupanuliwa kila mzunguko. Analegeza shingo tu kwa moto, kitako anakilinda kwa maji. Kitako kikilegea, siku ya kufyatua kinapasukia usoni.

Nilichokiona kwa macho yangu: ganda lililolegezwa na lile gumu, yapitishe tundu moja, hayatoki sawa. Gumu linarudi kuvimba kidogo.

#22 FundiMakina
Shemeji, umenifungua macho! Mimi nalalamika kila siku kwamba tundu la 10 linanipa 10.1, nikadhani kibao kimelika. Na mabomba yangu yanarefuka pia, nilikuwa nafurahia faida bila kujua inatoka wapi.

#23 WakiliMtaani
Msomaji mwingine asije akafikiria kuanzisha kazi ya shemeji hapa Nairobi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haichezi: risasi bila cheti ni kosa, kuzitengeneza bila leseni ni kosa zaidi. Tubaki kwenye bangili.

Na fundi, huyo muuza chakavu ana leseni? Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inaitaka. Mnakumbuka Januari 2022 biashara yote ilifungwa kwa sababu ya hujuma za nyaya na nguzo za umeme, ikafunguliwa Mei kwa masharti. Mabomba yanayong'aa, marefu, yamefanana, uliza yametoka wapi na uchukue risiti.

#24 FundiMakina
Risiti ninayo, wakili. Asante kwa kujali.

#25 MzeeWaKarakana
Nimefikiria usiku. Fundi, chukua kipande kizima kimoja, kile ambacho hakijapasuka, kikate kwa msumeno mwembamba kwa urefu, upande mmoja tu, toka mdomo hadi mdomo. Usikibane sana kwenye jiliwa. Kikijifungua mdomo ukaachama, kina mvuto ndani. Kikibaki kimefumbana hakina. Halafu lingine lilegeze vizuri gizani na ulikate vivyo hivyo.

Karakana tulifanya hivyo kwa mabomba ya boila kabla ya kuyaamini.

#26 FundiMakina
Nimerudi, wadau. Nimekata vinne.

Viwili ambavyo sikulegeza tena: msumeno ulipofika kama robo tatu, kipande kikaanza kujifungua chenyewe mkononi. Niliuhisi msumeno unalegea, hauumwi tena na ukuta. Nilipomaliza, mwanya ulikuwa mm 2 na zaidi, na upana wa msumeno wenyewe haufiki hata mm 1. Mwili ulinisisimka, nawaambia ukweli. Nimeshika shaba miaka kumi na moja na sikujua imebana pumzi hivyo.

Viwili nilivyolegeza saa mbili usiku taa imezimwa: nilikata hadi mwisho na vikabaki vimetulia. Mwanya ni njia ya msumeno tu.

#27 MwalimuWaKemia
Hapo ndipo ulipo ushahidi wa mvuto. Sasa jaribio la pili. Weka kinyesi kibichi cha kuku na maji kidogo chini ya chupa kubwa ya plastiki, ning'iniza kipande kisicholegezwa na kilicholegezwa visiguse maji, funga. Weka jozi nyingine kwenye chupa kavu safi. Subiri wiki.

#28 KijanaWaUmoja
Fundi utaambiwa umeanza uganga.

#29 BintiKariobangi
Wakati tunasubiri: mnaolegeza kwa tochi ndani ya vibanda, fungueni madirisha mkimaliza kuangalia rangi. Moshi mweupe wa zinki unaleta homa jioni yake, mwili unatetemeka kama malaria, mdomo una ladha ya sarafu, kesho yake umepona. Baba yangu alituamuru tunywe maziwa. Mimi nilikunywa maziwa na homa nikaipata vile vile, mara tatu. Kilichonisaidia ni feni.

#30 GroganSpea
Maziwa yanasaidia bwana. Mafundi wote wa kuchomelea Kirinyaga Road wanakunywa.

#31 BintiKariobangi
Wanakunywa, na wanaugua. Nunua feni.

#32 FundiMakina
Siku ya nane, wadau, nimefungua chupa.

Chupa ya kuku: kisicholegezwa kimepasuka, ufa mmoja mrefu, na kimegeuka rangi ya bluu-kijani ukingoni. Kilicholegezwa kimebadilika rangi tu, ni kizima. Chupa kavu: vyote viwili vizima.

#33 MwalimuWaKemia
😊 Kuku hawana la kujitetea.

#34 FundiMakina
Ngoja kwanza, mwalimu. Wiki hii hii nilihamisha kabati. Vipande vilivyobaki nimevipeleka kwa dada yangu Kawangware, ghorofa ya tatu, chumba cha kulala, hakuna choo karibu wala kuku. Jana amenipigia: vitatu vimepasuka. Na vyote vitatu vinatoka bomba moja, lile nililoweka alama ya rangi nyekundu. Lile bomba nilipolikata kwa msumeno lilijifungua kidogo kuliko mengine.

#35 MzeeWaKarakana
Huenda vilishakula amonia kwako kabla hujavihamisha. Ufa ulianza Kibera, ukamalizikia Kawangware.

#36 BintiKariobangi
Au ni bomba lenyewe. Mimi narudi palepale. Ulitoboa bomba la alama nyekundu? Hukulitoboa, nimesoma tena uzi wote. Na kama lilikuwa bomba la maji ya moto miaka na miaka, zinki yake imeliwa, ndani limebaki shaba nyekundu yenye matundu kama sponji. Livunje utazame kidonda: kikiwa cha waridi ndani badala ya njano, ni hilo.

#37 ShemejiWaDallas
Nimemuuliza shemeji. Anasema dada yako wa Kawangware avifute vizuri, watu wengi wa huko wamejifunza kutosafisha maganda yao kwa dawa ya kung'arisha yenye amonia. Fundi, ulivifuta kwa nini siku ile ya Jumatano?

#38 FundiMakina
Dawa ya kung'arisha shaba ya kwenye kopo. Sikuwahi kusoma kopo. Ina harufu kali ya kuchoma pua, ndiyo.

Lakini nilivifuta vyote thelathini na sita kwa kitambaa kimoja.

#39 GroganSpea
Kwa hiyo kuku wameachiliwa?

#40 MwalimuWaKemia
Hawajaachiliwa, wamepata mwenzao kizimbani. Fundi, lililo muhimu sasa ni oda yako. Vilivyobaki huhitaji hata kuvilegeza kabisa ukapoteza ugumu. Nyuzi 250 hadi 300 kwa saa moja zinatosha kutoa mvuto, na bangili inabaki ngumu haipindi mkononi.

#41 FundiMakina
Saa moja kwa moto ule ule siwezi kwa tochi. Kuna mama mwenye bekari hapa Makina, oveni yake inafika 250, amekubali nitumie mikate ya saa kumi na moja alfajiri ikishatoka.

#42 BintiKariobangi
Hapana fundi, tafadhali. Chakavu usichokijua kisiingie kwenye oveni ya mkate wa watu. Njoo Kariobangi, tuna pipa tulilolijengea matofali la kukausha vikalibu, linashika moto vizuri, na kipimajoto kipo. Njoo na lile bomba la alama nyekundu pia, tulivunje pamoja.

#43 FundiMakina
Nakuja kesho asubuhi, dada. Nitapanda matatu ya saa moja, na vipande nimevifunga kwa nguo kavu, gazeti nimeacha.

#44 MzeeWaKarakana
Mkilivunja pigeni picha ya kidonda, mchana, kwenye mwanga wa jua.